Kabla ya kumkabidhi funguo za ghala, muulize haya

Shangazi yangu huuza nafaka mjini Busia, upande wa Kenya. Mahindi na maharagwe yake huyanunua Tororo, Uganda, ambako amekodi ghala dogo. Kwa kuwa hawezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja, ghala hilo lazima liwe na mtu. Miaka kadhaa iliyopita alimpata kijana. Walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kibanda, shangazi akaagiza chai, akamuuliza maswali matatu: Wewe ni mtoto wa nani? Unasali wapi? Wewe ni mwaminifu?

Kijana alijibu yote. Wazazi wake shangazi aliwajua. Kanisa alilijua. Kuhusu uaminifu, kijana aliapa. Kabla chai haijaisha alikuwa amepewa funguo.

Msimu huo huo, magunia 40 ya mahindi yaliharibika. Kijana hakuwa ameiba hata punje moja. Aliyapokea mahindi yakiwa mabichi baada ya mvua, akayapanga chini sakafuni hadi karibu na paa, akafunga mlango. Mzigo ulipofika Busia, mnunuzi alitumbukiza mkono ndani ya gunia la kwanza, akanusa kiganja, akaenda zake. Mtaji aliokuwa ameujenga kwa miaka ukapungua nusu. Familia mbili zilizokuwa zikisalimiana kila Jumapili zikaacha kusalimiana.

Nimelifikiria sana jambo hilo kila ninapopita mpakani kikazi. Majibu yote matatu ya kijana yule yalikuwa ya kweli. Shida ilikuwa kwenye maswali. Hakuna aliyemuuliza atajuaje kama mahindi yamekauka.

Biashara ya mpakani humlazimu mtu kuajiri

Ukiwa na duka moja kijijini, unaweza kukaa nyuma ya meza mwenyewe kuanzia asubuhi hadi jioni. Biashara ya kuvuka mpaka haikuruhusu. Bidhaa ziko upande mmoja, wanunuzi upande mwingine, na katikati kuna forodha, mizani, wabadilishaji fedha na lori linalosubiri. Mtu unayemwajiri atafanya kazi mbali na macho yako kwa siku nyingi za wiki.

Milango nayo imefunguka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na imetaja wazi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako msafiri hukamilisha shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Kwa hiyo anayeomba kazi kwako leo anaweza kuwa ametoka Tororo, Malaba, Bungoma, Mbale au Kisumu. Huenda humjui babake wala kijiji chake, na swali la "mtoto wa nani" halitakusaidia.

Mpaka huu wenyewe ulizaa kazi ambayo sasa inajulikana dunia nzima. Neno "boda boda" lilitokana na vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Abiria alipochagua nani ambebe, alitazama breki, miguu ya kijana na namna alivyoufunga mzigo. Alitazama kazi. Nasi tukikaa kumhoji mtu wa kumwachia ghala lenye mtaji wetu wote, mara nyingi tunasahau kutazama kazi.

Maswali yasiyokupa kitu

Swali la kwanza la kuachana nalo ni "Wewe ni mwaminifu?" Mwaminifu atasema ndiyo. Mwizi naye atasema ndiyo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Ndivyo ilivyo kwa "Unaweza kufanya kazi kwa bidii?" na "Unaijua biashara?" Swali ambalo kila mtu analijibu vilevile halikusaidii kuchagua.

La pili ni lile la ukoo, kabila na dini. Tuseme ukweli: wafanyabiashara hawaliulizi kwa ubaya kila mara. Wanatafuta dhamana. Kijana akitoroka na pesa, unataka kujua utabisha mlango gani. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dhamana ni jambo moja na ujuzi ni jambo jingine. Kumjua baba mtu hakukuambii kama mwana anajua kusoma mizani. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka huu, na ndani ya kila jamii kuna mweledi wa hesabu na kuna asiyejua hesabu.

Sheria pia imelizungumzia jambo hili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, au hata mtu anayeomba kazi, kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, uraia, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya HIV. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inaharamisha ubaguzi kwa misingi ya jinsia, dini, asili ya mtu, ulemavu na hali ya HIV, miongoni mwa mengine. Itifaki ya Soko la Pamoja inakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama kwa sababu ya uraia wake.

La tatu huulizwa wanawake peke yao: "Umeolewa? Mumeo atakubali? Una mpango wa kuzaa?" Ukichunguza, anayeuliza hivyo kwa kawaida anataka kujua jambo moja tu, kama mtu huyo atafika kazini kwa wakati. Basi uliza hilo: "Siku za soko lori hufika saa kumi na moja alfajiri. Utafikaje?" Liulize kwa wanaume pia. Wapo wanaume wengi ambao alfajiri hawaamki.

Vivyo hivyo kwa mwenye ulemavu. Anayepita Busia amewaona watu wa baiskeli za magurudumu matatu wakivusha mizigo ambayo wengi wetu tungeshindwa kuisukuma. Usimuulize "utaweza kweli?" Mwonyeshe kazi, naye akuonyeshe anavyoifanya.

Anza kwa kuiandika kazi

Kabla ya kumwita mtu yeyote, chukua daftari uandike mambo matatu au manne ambayo yakiharibika, biashara yako itayumba. Usiandike sifa kama "awe mchangamfu." Andika matukio. Kwa ghala la nafaka Tororo orodha inaweza kuwa hivi: kupokea mahindi mabichi, kupima vibaya, pesa za jioni kutolingana na hesabu, na mzigo kukwama mpakani kwa kukosa karatasi. Kwa muuza mitumba au samaki orodha itakuwa nyingine.

Kila tukio litakupa swali lake. Maswali hayo yako ya aina tatu.

Aina ya kwanza: alichofanya zamani

Badala ya kuuliza "unajua kutunza pesa?" uliza: "Nieleze mara ya mwisho pesa na hesabu zilipokataa kulingana jioni. Ulifanya nini?" Kisha usikimbilie swali lingine. Fuatilia. Zilikuwa pungufu kiasi gani? Ulimwambia nani, siku ile ile au kesho yake? Uligundua chanzo? Baada ya hapo ulibadilisha nini?

Aliyewahi kushika pesa ana kisa cha namna hiyo, na kisa chake kina kiasi, saa na watu. Anayesema hajawahi kupungukiwa hata shilingi tangu azaliwe, ama hajashika pesa nyingi ama hakuelezi yote. Jibu zuri si lazima liwe la ushindi. Anayesema "nilikosea, nikamwambia tajiri usiku ule ule, tukakata kwenye mshahara wangu" amekufunza mengi kumhusu.

Vijana wengi watakuja kwako bila kuwahi kuajiriwa. Usiwafukuze kwa sababu hiyo. Uliza walichofanya kwingineko. Umewahi kuwa mweka hazina wa chama, kwaya au timu? Mlipovuna nyumbani, nani alisimamia kukausha? Umewahi kutumwa sokoni na pesa za watu wengi? Msichana aliyetunza daftari la chama cha mama yake kwa miaka miwili ana uzoefu, ila hajui kuuita hivyo.

Aina ya pili: angefanya nini

Hapa unampa hali inayotokea kweli katika kazi yako, ile inayomvuta mtu pande mbili. Kwa mfano: "Una mzigo wa maharagwe unaovuka kwenda Kenya. Foleni ni ndefu. Mtu anakuambia kuna njia ya panya, utaokoa muda na hakuna atakayekuuliza kitu. Mnunuzi anasubiri, na simu yangu haipatikani. Utafanya nini?"

Sikiliza anavyofikiri. Je, anajua kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zilizozalishwa Afrika Mashariki na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa na asitozwe ushuru wa forodha? Anakumbuka kwamba mzigo ukikamatwa njia ya panya unaweza kuupoteza wote? Kama haijui sheria, je, anasema atamuuliza nani? Kutojua si kosa kubwa, maana cheti unaweza kumfundisha asubuhi moja. Tatizo ni yule anayejibu haraka kwamba njia ya panya ni sawa, kisha akutazame usoni aone kama umefurahi.

Muhimu hapa ni kutotoa jibu ndani ya swali. Ukisema "wewe huwezi kupita njia ya panya, sivyo?" umeshamwambia aseme nini.

Aina ya tatu: kazi yenyewe

Hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo ingemwokoa shangazi yangu. Weka kazi ndogo mbele ya mtu, umwache aifanye.

Kwa nafaka, mpe mahindi ya aina mbili, makavu na yasiyokauka, umuulize ni yapi angeyapokea na kwa nini. Wapo watakaouma punje, wapo watakaozimwaga wasikilize mlio. Anayeijua kazi zaidi anaweza kukuomba chupa ya kioo iliyo kavu na chumvi kavu. Njia hiyo ni ya zamani na haina gharama: unatia mahindi hadi kama theluthi moja ya chupa, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, unatikisa kwa dakika moja, unaiacha itulie dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo hayafai kuwekwa ghalani. Kiwango cha Afrika Mashariki ni chini zaidi, asilimia 13.5, kwa hiyo kwa mzigo mkubwa kipimo cha mashine bado kinahitajika.

Jambo hili si dogo. Machi 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile wengi huiita aflatoksini. Siku chache baadaye iliruhusu tena kwa masharti, likiwemo la cheti cha kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Kuvu hustawi kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Anayepokea gunia bichi Tororo anaweza kukuletea hasara Busia.

Kwa hesabu, mpe karatasi, simu yenye kikokotoo na dakika kumi. Tumia bei za mfano: "Nimenunua mahindi Tororo kwa shilingi 1,000 za Uganda kwa kilo. Usafiri na gharama nyingine ni shilingi 150 kwa kilo. Busia mnunuzi ananipa shilingi 4,500 za Kenya kwa gunia. Shilingi moja ya Kenya ni sawa na 28 za Uganda. Nitapata faida gani kwa kilo?"

Mtego uko kwenye gunia. Nchini Kenya bei ya mahindi hutajwa kwa gunia la kilo 90. Anayeijua kazi atauliza, "Gunia la kilo ngapi?" Kwa kilo 90, kila kilo inauzwa shilingi 50 za Kenya, yaani 1,400 za Uganda, na faida ni 250. Aliyedhani gunia ni kilo 100 atapata bei ya 1,260 na faida ya 110. Tofauti hiyo ndiyo huwala watu mitaji huku wakilalamika kuna mwizi. Hata akikosea hesabu, yule aliyeuliza ukubwa wa gunia amekuonyesha jambo la maana kuliko aliyekokotoa upesi bila kuuliza.

Jaribio liwe fupi. Ukitaka mtu ashinde ghalani nusu siku akipanga magunia, mlipe nusu siku. Wapo waajiri wanaowaita watu kumi "kwa majaribio" wakapata wapagazi wa bure. Habari hizo huenea sokoni upesi, na watu wazuri hawatakuja tena.

Wote waulizwe sawa

Maswali mazuri yatapotea bure ikiwa mmoja utamuuliza haya na mwingine yale. Aliyekuchekesha utampa maswali mepesi bila wewe kujua. Andika maswali matano au sita, uwaulize wote kwa mpangilio ule ule, andika majibu kwenye daftari, na kila jibu ulipe alama kati ya 1 na 5 kabla hujamwita anayefuata. Mkiwa wawili, kila mmoja aweke alama zake kwanza, mjadili baadaye.

Haya si mawazo ya mtu mmoja. Mwaka 1998, wataalamu Frank Schmidt na John Hunter wa Marekani walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wenye maswali yaliyopangwa ulitabiri utendaji kazini vizuri kuliko mazungumzo ya hivi hivi, na jaribio la kazi yenyewe lilikuwa miongoni mwa njia bora kabisa. Mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake walizikokotoa upya takwimu za namna hiyo. Safari hii usaili uliopangwa ukashika nafasi ya kwanza. Daftari la shilingi chache na maswali sita yanakupa sehemu kubwa ya kile ambacho kampuni kubwa hulipia.

Lugha pia ipangwe. Uliza kwa lugha ambayo kazi itafanywa. Kama wateja wako huzungumza Kiswahili, Kisamia, Kiteso au Kijopadhola, kumhoji mtu kwa Kiingereza ni kupima shule aliyosoma. Na kama kazi inahitaji kujaza fomu za Kiingereza, mpe fomu ajaze.

Swali la mwisho ni lake

Mwishoni mwulize: "Na wewe, una swali gani kwangu?" Anayetaka kujua hasara itagawanywa vipi, nani hushika funguo akiugua, au mshahara hulipwa tarehe ngapi, tayari anaifikiria kazi. Mjibu ukweli. Ukimficha kwamba Desemba hakuna mapumziko, atakuacha hiyo hiyo Desemba.

Dhamana nayo sasa ifuate. Kwa ruhusa yake, mpigie aliyemwajiri awali. Usiulize "ni mtu mzuri?" Uliza, "Alishika nini kwako? Ungemwajiri tena?" Kisha sikiliza kama kuna kusita. Ukiridhika, andikianeni. Nchini Kenya, mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuwa wa maandishi. Kipindi cha majaribio katika nchi zote mbili kisizidi miezi sita kabla ya kuongezwa kwa makubaliano. Na kama unamwajiri raia wa nchi jirani kwa zaidi ya siku 90, kumbuka kwamba kitambulisho kinamvusha mpaka tu. Kibali cha kazi huombwa kwa idara ya uhamiaji.

Kijana yule wa kwanza sasa anaendesha boda boda, na wateja wanamtafuta kwa sababu hafiki kuchelewa. Hakuwa mtu mbaya. Alipewa kazi ambayo hakuna aliyemuuliza kama anaijua. Ilimchukua shangazi muda mrefu kukubali hivyo, lakini siku moja alipanda pikipiki yake hadi kwa wazazi wake, akaingia ndani, na salamu zikarudi.

Chini ya meza ya kibanda chake siku hizi kuna chupa ya kioo na pakiti ya chumvi. Alipotafuta mtu wa ghala mara ya mwisho, aliwaita watatu. Aliwawekea mahindi yasiyokauka akawaambia ni mazuri, wayapokee. Wawili waliyapokea. Wa tatu, binti ambaye shangazi hakuwahi kumwona, alitikisa chupa, akasubiri, akasema kwa upole, "Mama, haya bado. Tuyaanike kwanza."

Alipewa funguo. Walipokuwa wakimalizia chai ndipo shangazi akamuuliza, "Haya mwanangu, sasa niambie, wewe ni mtoto wa nani?"